Stanislaw Ulam, karata, na mvua ya chembe

Mtu ninayetaka kumsimulia hapa hakuwa mwanaisimu. Alikuwa mwanahisabati, mzaliwa wa Poland, akafa Marekani mwaka 1984, na katika vitabu vya fakulte yetu jina lake halipo. Ninazo sababu mbili za kumleta katika gazeti hili. Ya kwanza: mwaka 1946 mtu huyu alipoteza usemi kwa siku kadhaa, akaogopa kwamba pamoja na maneno amepoteza akili, na wakati wa kupona akapata wazo ambalo leo wanafizikia hawawezi kufanya kazi bila hilo. Sisi tunaosoma afazia katika kozi ya saikolojia ya lugha tuna haki ya kujua kisa hicho. Ya pili iko karibu na nyumbani, si mbali na Likasi, nami nitaifikia.

Stanislaw Ulam alizaliwa tarehe 13 Aprili 1909 katika mji ambao majina yake yenyewe yangetosha somo zima la isimu-jamii. Waaustria waliokuwa wakiutawala waliuita Lemberg. Alipokuwa kijana ulikuwa mji wa Poland, jina lake Lwów. Leo uko Ukraine na unaitwa Lviv. Sisi tuliorithi Lubumbashi iliyokuwa Elisabethville, na Likasi iliyokuwa Jadotville, hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Baba yake alikuwa mwanasheria, familia ilikuwa ya Kiyahudi, yenye uwezo. Shuleni alisoma Kilatini na Kigiriki, na maishani akawa anapita katika Kipoland, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza.

Alisoma katika chuo cha ufundi cha Lwów na kupata udaktari mwaka 1933, lakini ukimwuliza mtu yeyote anayejua historia ya hisabati, atakuambia kwamba chuo halisi kilikuwa mkahawani. Uliitwa Mkahawa wa Kiskoti. Stefan Banach, Stanislaw Mazur, Ulam na wenzao walikaa humo saa nyingi wakinywa kahawa na konyaki, wakiandika hesabu kwa penseli juu ya meza za marumaru. Usiku mhudumu alifuta meza, na kazi ya siku nzima ikapotea. Hatimaye, mwaka 1935, mke wa Banach alinunua daftari nene, likawa linakaa mkahawani. Mtu akija na swali aliliandika humo, na wakati mwingine aliahidi zawadi kwa atakayelijibu. Mazur aliahidi bata bukini mzima kwa swali moja la mwaka 1936. Jibu lilipatikana mwaka 1972, Msweden mmoja, Per Enflo, akakabidhiwa bata wake akiwa hai. Ninapenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba elimu inaweza kukua pale watu wanapokaa pamoja na kubishana, kama wazee chini ya mwembe, mradi mtu mmoja awe na daftari.

Mwaka 1935 John von Neumann, Mhungaria ambaye tayari alikuwa na sifa kubwa, alimwalika Princeton. Tangu hapo Ulam akawa mtu wa kuvuka bahari: mwaka wa masomo Marekani, likizo nyumbani. Mwezi wa Agosti 1939 alipanda meli katika bandari ya Gdynia kurudi Marekani, safari hii akiwa na mdogo wake Adam, mwenye miaka 17. Baba yao aliwasindikiza. Siku chache baada ya kufika New York wakasikia kwamba Ujerumani imeivamia Poland. Baba na dada yao waliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Adam akaja kuwa mwanahistoria maarufu wa Urusi katika chuo cha Harvard. Hao wawili ndio waliobaki.

Ulam akapata kazi ya kufundisha Wisconsin, akaoa Mfaransa aitwaye Françoise Aron, akawa raia wa Marekani. Vita vilipopamba moto aliona wenzake wanatoweka mmoja baada ya mwingine bila kusema wanakwenda wapi. Naye akaitwa, mwishoni mwa 1943, kwenye kazi ya siri mahali fulani katika jimbo la New Mexico. Akaenda maktaba kuazima kitabu cha kuelezea jimbo hilo. Nyuma ya kitabu, kwenye kadi ya waazimaji, akakuta majina ya wale wale waliotoweka. Siri yote ya jeshi la Marekani ilikuwa imeandikwa kwa wino na mtunza maktaba. Wanafunzi wenzangu, heshimuni kadi za maktaba.

Mahali penyewe ni Los Alamos, na kazi ilikuwa bomu la atomi. Hapa ndipo tunapofika kwetu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi huo ilitoka Shinkolobwe, mgodi wa Union Minière du Haut-Katanga. Mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Yalikuwa mawe tajiri kupita kiasi: mengine yalikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya oksidi ya urani, wakati migodi ya kwingine ilifurahia hata chini ya asilimia moja. Waliochimba ni watu wa Katanga, na hawakuambiwa wanachochimba kinakwenda kufanya nini. Katika vitabu vya kumbukumbu za Los Alamos, na nimesoma vitatu katika tafsiri ya Kifaransa, majina ya wanafizikia ni mengi kama siafu, lakini mchimbaji wa Shinkolobwe hana jina. Ulam hana kosa la pekee katika hilo. Naliandika tu ili msomaji ajue kwamba nyutroni ambazo mtu huyu alizifuata kwa hesabu zilitembea ndani ya chuma kilichotoka chini ya ardhi yetu.

Vita vilipokwisha Ulam alihamia Los Angeles kufundisha. Januari 1946, usiku mmoja, kichwa kilianza kumuuma kwa namna ambayo hajawahi kuijua. Asubuhi alipofungua kinywa kuzungumza, maneno yalitoka yamechanganyika. Aliyotaka kusema na yaliyosikika hayakuwa kitu kimoja. Wanaosoma afazia wanajua kwamba mara nyingi mgonjwa anasikia mwenyewe kwamba anakosea, na hilo ndilo linalotisha. Madaktari walimpasua fuvu. Wakakuta ubongo umevimba, wakamwaga dawa ya penisilini moja kwa moja juu yake, wakafunga. Akakaa siku kadhaa bila fahamu.

Alipozinduka daktari alimpima kwa swali la mtoto: 13 na 8 ni ngapi? Ulam aliona aibu kuulizwa hivyo, akatikisa kichwa tu. Daktari akamuuliza tena, safari hii kipeo cha pili cha 20, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 20. Mgonjwa akajibu kwamba ni kama 4.4. Daktari akanyamaza. Ulam akaingiwa na hofu, akauliza kama amekosea; kumbe daktari mwenyewe alikuwa hajui jibu. Siku ya kutoka hospitali Paul Erdős, mwanahisabati mwingine wa Kihungaria, alikuja kumchukua. Njiani walizungumza hisabati, nyumbani wakacheza sataranji, Ulam akashinda. Badala ya kufurahi akashuku kwamba rafiki yake amemwachia makusudi. Wakacheza tena, akashinda tena, na alipoona Erdős ameudhika kwa kushindwa ndipo moyo ukatulia kidogo.

Je, alipona kabisa? Gian-Carlo Rota, aliyefanya naye kazi baadaye, aliandika kwamba baada ya ugonjwa Ulam hakuweza tena kukaa na hesabu ndefu hadi mwisho. Alitoa mawazo, na wengine wakayakamilisha. Wengine walioishi naye hawakukubali maelezo hayo. Mimi naona hata kama Rota alisema kweli, yaliyofuata yanafanana na mtu aliyejifunza njia ya kupita pembeni mwa hesabu ndefu.

Maana daktari alimkataza kuchosha ubongo, naye akawa anacheza karata peke yake, mchezo ambao kwa Kifaransa tunauita patience. Unapanga karata 52 kwa kanuni fulani, na mara nyingine mchezo unafunguka, mara nyingine unagoma. Akajiuliza: uwezekano wa kufunguka ni kiasi gani? Akajaribu kuhesabu mipangilio yote kwa fomula, akaona ni msitu usio na njia. Kisha likaja wazo rahisi ambalo mtoto angelipata: cheza mara 100, hesabu mara ngapi umefunguka. Ukifunguka mara 20, uwezekano ni kama asilimia 20.

Sisi tunafanya hivyo bila kukiita hisabati. Nilipoandaa TFC yangu juu ya maneno ya Kifaransa katika Kiswahili cha Lubumbashi, sikuweza kuandika kila dakika ya mazungumzo niliyorekodi sokoni Kenya na Katuba. Nilichagua dakika kwa kura na kuhesabu ndani ya hizo. Kura ndiyo inayozuia mkono wangu kuchagua dakika zinazonipendeza. Wataalamu huita namba za namna hiyo namba za nasibu, na neno limetulia vizuri: limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya fungu ambalo mtu amepangiwa, na Kiswahili kikalifanya lisimame karibu na bahati na kura. Mitaani kwetu watu husema shansi, na wanaelewana.

Lakini njia hii ina gharama, na msomaji aishike hapa kwa sababu itarudi. Ukicheza mara 100 na kupata 20, kosa lako ni kama asilimia 4 juu au chini. Ukitaka kosa lipungue mara kumi, liwe asilimia 0.4, hutacheza mara 1,000 bali 10,000. Usahihi unakwenda kwa kipeo cha pili. Mtu mwenye karata mkononi angekufa kabla ya kumaliza.

Ulam alimwambia von Neumann, na von Neumann mara moja akafikiria mashine. Mwaka 1946 dunia ilikuwa imepata ENIAC, kompyuta ya kielektroniki iliyojaza ukumbi mzima. Badala ya karata wakaweka nyutroni. Nyutroni imezaliwa ndani ya urani: itakwenda umbali gani kabla ya kugonga kiini cha atomi? Piga kura. Ikigonga, itaruka upande mwingine, itamezwa, au itakipasua kiini na kuzaa nyutroni nyingine? Piga kura, kila jibu likiwa na uzito ambao wanafizikia wameupima maabara. Fuata kila mtoto, na mtoto wa mtoto. Rudia maelfu ya mara, kisha hesabu. Hufumbui mlinganyo wowote. Unasimulia maisha ya nyutroni mojamoja, na kutoka katika wasifu elfu unapata habari ya ukoo mzima. Mwaka 1948 hesabu za kwanza zilipita katika ENIAC, zikiwa zimeandikwa kwa lugha ya mashine kwa sehemu kubwa na Klára von Neumann, mwanamke mzaliwa wa Budapest ambaye historia ilichelewa sana kumtaja. Jina la njia lilitolewa na Nicholas Metropolis: Monte Carlo, mji wa kamari kule Monaco, kwa sababu Ulam alikuwa na mjomba aliyezoea kukopa fedha kwa ndugu ili aende huko. Mwaka 1949 Metropolis na Ulam walichapisha makala yenye jina hilo.

Sasa tutoke kwenye bomu twende kwenye vigunduzi. Robert Wilson, mwanafizikia aliyekuwa naye Los Alamos, alikuwa na tatizo jingine. Elektroni yenye nguvu nyingi ikiingia katika kipande cha risasi, nasema risasi ile ya madini, inatoa fotoni. Fotoni inageuka kuwa elektroni na pozitroni. Hizo nazo zinatoa fotoni nyingine, na kadhalika, mpaka nguvu imegawanyika na kuisha. Ni mvua ya chembe inayonyesha ndani ya chuma. Ukijua mvua ina ukubwa gani, unajua chembe ya kwanza iliingia na nguvu gani. Hiyo ndiyo kazi ya kifaa kiitwacho kalorimita. Fomula zilikuwa zinatoa wastani tu, na Wilson alitaka kujua mvua moja inatofautianaje na nyingine. Akatengeneza silinda iliyochorwa mistari, akawa anaizungusha kwa mkono kama gurudumu la bahati nasibu. Mahali iliposimama palimwambia chembe imepata jaala gani. Akaandika, akazungusha tena. Makala yake ilitoka mwaka 1952. Ninapomfikiria ameinama juu ya silinda hiyo siku baada ya siku, naona uvumilivu wa mshona mikeka.

Kazi ya Wilson leo inafanywa na programu iitwayo Geant, jina ambalo sisi wasomaji wa Kifaransa tunalisoma bila shida: jitu. Ilianza CERN, karibu na Geneva, miaka ya 1970, na toleo lake la sasa, Geant4, lilitoka mwaka 1998. Ndani yake kigunduzi kizima kimechorwa, kila sahani ya chuma na kila waya, na kila chembe inafuatwa hatua kwa hatua kwa namba za nasibu kama alivyofuatwa mtoto wa nyutroni. Kwa nini wanaiga kigunduzi ambacho tayari wanacho? Kwa sababu kigunduzi kinatoa alama tu, na alama haina maana mpaka ulinganishe na kile ambacho kingeonekana kama hakuna jambo jipya. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, isingetambuliwa bila mgongano wa kuigwa wa kulinganisha nao. Mwanaisimu atasema: huwezi kujua sentensi ni ya ajabu kama hujui sentensi za kawaida zikoje.

Na hapa ile gharama inarudi. Ndani ya mashine ya CERN, makundi ya protoni yanakutana mara milioni 40 kwa sekunde. Kuiga mgongano mmoja kwa ukamilifu kunaweza kuchukua kompyuta dakika kadhaa, na muda mwingi unaliwa na kalorimita, kwa sababu chembe moja inazaa maelfu humo. Ndiyo maana ukatokea uigaji wa haraka. Namna moja ni kuacha kufuata kila tone: unajua umbo la mvua, urefu na upana wake, na namna linavyobadilikabadilika, basi unachora mvua nzima kwa mkupuo. Namna nyingine ni kuweka ghala la mvua zilizokwisha kuigwa polepole, na kuchota moja inapohitajika. Siku hizi kuna mitandao ya neva ya kompyuta inayosomeshwa kwa mvua za Geant4 mpaka inaweza kubuni zake, kwa sehemu ndogo sana ya muda ule.

Wakalimani wa makanisani kwetu wananisaidia kuelewa hatari yake. Mchungaji anahubiri kwa Kifaransa, mkalimani anasimama kando na kutoa Kiswahili. Mmoja anafuata neno kwa neno, na ibada inaisha jua limezama. Mwingine anasikiliza fungu zima kisha anatoa kiini chake. Watu wanaelewa, wanaimba, wanakwenda nyumbani mapema. Huyu wa pili yuko salama mpaka mchungaji atakapotumia methali ambayo hajawahi kuisikia. Hapo atatoa kitu kinachofanana na mahubiri yote mengine. Uigaji wa haraka ni hodari kwa mvua za kila siku, lakini unateleza penye nyufa kati ya sehemu za kigunduzi, na kwa matukio ya nadra. Nao wanafizikia wanatafuta hasa yale ya nadra. Kwa hiyo wanachanganya, huku haraka, kule polepole, na kubishana juu ya mpaka uwekwe wapi kunaendelea.

Ulam hakujihusisha sana na vigunduzi. Alirudi Los Alamos mwaka 1946, na mwaka 1950, Rais Truman alipoagiza bomu la haidrojeni, yeye na Cornelius Everett walifanya hesabu ndefu zilizoonyesha kwamba mpango wa Edward Teller hautawaka. Angeishia hapo ningemsimulia kwa moyo mwepesi. Lakini Januari 1951 Françoise alimkuta mchana amesimama dirishani, macho yameelekea bustanini bila kuiona. Alikuwa amepata namna ya kulifanya liwake. Teller aliongeza yake, na Novemba 1952 bomu la kwanza la aina hiyo likafuta kisiwa kizima katika bahari ya Pasifiki. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1976, Ulam anayasimulia haya kwa utulivu, karibu kama kisa cha bata wa Mazur. Mtu ambaye baba yake na dada yake waliuawa pamoja na mamilioni, nilitarajia kurasa nzito zaidi. Nimezitafuta mara mbili. Kuna wanaosema utulivu huo ni adabu ya watu wa kizazi chake, mimi sijaridhika.

Miaka ya mwisho alifundisha katika chuo kikuu cha Colorado, akaandika juu ya biolojia, juu ya namba, juu ya kumbukumbu ya binadamu inavyofanya kazi. Alifariki ghafla huko Santa Fe tarehe 13 Mei 1984, kwa ugonjwa wa moyo. Shinkolobwe ilifungwa rasmi na serikali mwaka 2004, ingawa wachimbaji wetu, wale tunaowaita creuseurs, wamekuwa wakirudi kutafuta kobalti. Na kule CERN, mashine za kutoboa tunnel ya kilomita 27, ambamo leo protoni zinagongana, zilianza kazi mwaka 1985, miezi michache baada ya kifo chake.